Viungo, Vifurushi na Ufunguo wa Maktaba ya Shumba

(Hotuba ya Ndugu Ridha Mabruki Kificho, Kaimu Mratibu Mwandamizi wa Mradi wa Maktaba Mtandao Endelevu Jumuishi, yaani MAMEJU, aliyoitoa mbele ya maktaba ya Shumba Viamboni, Pemba, siku ya uzinduzi wa mradi huo. Imenukuliwa kama ilivyotoka kinywani.)

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. (Waalaikumu salaam.) Hiyo ilikuwa salamu ya majaribio ya kipaza sauti, sasa naomba mniitikie ile rasmi. Assalamu alaikum. (Waalaikumu salaam, kwa sauti ya kuchoka.)

Ndugu Sheha Jecha, mwenyeji wetu katika shehia hii, pamoja na kamati yako. Ndugu Katibu wa kamati ya maandalizi, na ndugu Msaidizi wa Katibu huyo, na aliyemshikia Msaidizi kiti wakati akienda kutia udhu. Masheikh wetu, maimamu, maalimu wa madrasa na walimu wa skuli. Bi Bimkubwa, mwenyekiti wa kinamama wakulima wa mwani, na kinamama wenzako wote mliokaa nyuma, ingawa mpangilio wa ukaaji ulitaka mkae nyuma zaidi. Mkutubi wetu Bi Moza Ngwali. Dereva wangu ndugu Bakari. Mpishi mkuu ndugu Nassor na jopo lako la wapishi, ambao moshi wenu tunauona na harufu yenu tunaithamini. Wazee, vijana, na watoto mlioko juu ya ukuta kinyume cha taratibu za usalama. Mabibi na mabwana. Ndugu mshereheshaji ameninong'oneza niseme tu kwamba itifaki imezingatiwa ili tuokoe muda. Nimekataa. Mimi nimehudhuria kozi ya itifaki ya wiki mbili na cheti ninacho ndani ya mkoba, kwa hiyo nitairudia orodha hii kuanzia kwa Sheha kwa faida ya waliochelewa. (Miguno mirefu.) Haya, nitairudia mwishoni, baada ya dua.

Naona Bi Moza ameinua simu ananichukua picha za kumbukumbu. Vizuri sana, na naomba unichukue kwa upande huu wa kulia, kwa sababu kushoto kuna jua. (Bi Moza: Tuko mubashara, Mheshimiwa.) Ndiyo, tuko mubashara, mimi hapa na nyinyi hapo, uso kwa uso, bila dalali. Huo ndio utumishi wa umma. (Kicheko kidogo kwa kinamama.)

Ndugu wananchi, ili muelewe tulikotoka hadi tukafikia hatua hii ya kihistoria, ambayo mimi binafsi nimeipa jina la hatua ya kihistoria, sina budi kuwarudisha mwezi wa Rajabu uliopita, nikiwa mezani kwangu Chake Chake nikitekeleza jukumu langu la msingi la kufikiri, ndipo ikaniangukia taarifa nyeti, imeandikwa kwa mkono, kwamba yuko mtumishi katika kijiji cha Shumba Viamboni, mkutubi wa chumba kimoja, ambaye ana wafuasi elfu nne, mia moja na kumi na wawili. Nilivua miwani. Nikaivaa tena. Idadi haikupungua. Nikajiuliza, watu elfu nne wanamfuata Bi Moza kwenda wapi? Kisiwa hiki tunakijua wenyewe, ukisikia mtu ana wafuasi basi ama anagombea kitu, ama anakaribia kukigombea, na yeye hakuwa amejaza fomu yoyote ofisini kwangu.

Nikamwita. Akaja na mkoba wa ukili na kalamu, hana hata mlinzi mmoja, jambo lililonitia shaka zaidi. Nikamuuliza wafuasi wake wanakutana wapi. Akasema wanakutana kwenye ukurasa. Nikamuuliza ukurasa wa ngapi, wa kitabu gani. Akasema si wa kitabu. Nikaandika kwenye faili kwamba mhusika anaficha jina la kitabu. Nikamuagiza aniletee majina ya wote elfu nne, na namba za vitambulisho, na jina la sheha wa kila mmoja. (Kicheko kikubwa. Sheha Jecha anatazama chini.) Msicheke, hiyo inaitwa tahadhari ya kitaasisi. Jioni yake Bakari, akinirudisha nyumbani, ndiye aliyenifafanulia kwamba wafuasi wa siku hizi ni watu wanaotazama mambo yako kwenye simu bila kutoka walipo. Nilifurahi mno, kwani huo ndio ufuasi tunaoutaka. Usiku huo huo nikafungua ukurasa wangu, na hadi nazungumza nanyi nina wafuasi wawili: Bakari huyu, na bwana mmoja anayeuza matairi Dubai.

Baada ya hapo ofisi yangu ilifanya tathmini ya kina, tulivu na shirikishi kuhusu anachokifanya Bi Moza, na matokeo yake nitayasoma kwa ufupi wa kurasa kumi na moja. (Miguno.) Basi nitayasema kwa kichwa. Imebainika kwamba kila siku baada ya sala ya alasiri Bi Moza huingia katika chumba hiki mnachokiona nyuma yangu, hufunga dirisha, hukaa kwenye kiti chenye miguu mitatu na kitabu kimoja kimeshika nafasi ya mguu wa nne, akasoma sura moja ya hadithi kwenye simu yake na kuituma kwa kinamama wa mwani, nao asubuhi, maji yakitoka, hufunga mbegu kwenye kamba huku simu zimening'inia shingoni ndani ya mifuko ya plastiki, wanasikiliza. Imebainika zaidi kwamba Bi Moza ana tabia ya kukatisha sura pale pale panaponoga, na kwamba Bi Bimkubwa aliwahi kumpigia simu kumwonya kwamba kama yule mume wa kwenye hadithi hatorudi nyumbani kesho yake, basi yeye haendi pwani. (Kinamama wanacheka na kumsukuma Bi Bimkubwa mabegani.)

Halafu kuna jambo jingine, la vitabu vilivyoazimwa visirudi. Bi Moza alianza kuweka kwenye ukurasa wake picha ya jalada la kila kitabu kilichopotea na maneno haya: anatafutwa, jina lake ni hili, umri wake ni huu, mara ya mwisho alionekana Micheweni amevaa jalada la kijani, aliyemwona ampe lifti mpaka Shumba. Vitabu thelathini na kimoja vimerejea, ndugu wananchi, kimoja kikitokea Mombasa ndani ya sanduku la bibi harusi. Kuhusu zile tuhuma zilizosambaa kwamba kitabu cha ufugaji wa kuku ninacho mimi tangu nikiwa darasa la sita, suala hilo linashughulikiwa na ngazi husika, na ngazi husika ni mimi.

Sasa, mafanikio yote hayo, nataka yaingie vichwani mwenu, ni matunda ya MAMEJU. (Kinamama wanatazamana.) Nimesema ni matunda ya MAMEJU. (Kofi moja. Ni la Bakari.) Wapo watakaohoji kwamba Bi Moza aliyaanza miaka miwili kabla MAMEJU haijaundwa. Ni kweli, na hilo ndilo kitaalamu tunaloliita utekelezaji wa mapema.

Nije kwenye kiini. Bi Moza aliandika barua kwa ofisi yangu kuomba msaada, na kwa kuwa mimi ni muumini wa uwazi na uwajibikaji, naisoma mbele yenu neno kwa neno. Anasema: "Naomba mradi unisaidie mambo manne. Kwanza, kifurushi cha kila mwezi, kwa sababu natumia changu cha mfukoni. Pili, chombo kizuri cha kupakia na kupakua, kwa sababu kilichopo ni kidogo na watu wanasubiri sana. Tatu, kuwe na menyu nyepesi, ambayo hata bibi asiyezoea ataiweza. Nne, nisaidiwe kuandaa viungo nitakavyowatumia wasomaji." Mwisho wa kunukuu.

Barua hii tuliipeleka kwenye kamati ya wataalamu saba, wakakaa siku tatu katika mahali patulivu penye upepo wa bahari, wakaichambua kwa mbinu za stratejia, monitaringi na evalyuesheni. Sitawaficha, mwanzoni walishangaa kidogo kwamba mkutubi anaomba viungo. Mjumbe mmoja alithubutu kudai kwamba haya huenda ni maneno ya kompyuta. Tulimshukuru kwa mchango wake na tukampangia kamati nyingine. Waliobaki sita wakakubaliana kwamba hii ni Pemba, kisiwa cha karafuu, na kwamba msomaji hawezi kusoma na njaa. Leo hii nasimama kifua mbele kuwatangazia kwamba ombi la Bi Moza limetekelezwa kwa asilimia mia moja na nne. (Bi Moza anafunika uso kwa mkono mmoja. Simu imebaki juu.)

Viungo: tumeleta iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na bizari nzima, vyote vya kisiwani, kwa kuzingatia sera ya kuthamini kilicho chetu. Chombo cha kupakua: tumeleta miko minne mipya na masinia sitini, ili watu wasisubiri. Menyu nyepesi: pilau na kachumbari, nyama imekatwa ndogo ndogo na kuondolewa mifupa, kwa ajili ya yule bibi asiyezoea, ambaye ningependa nionyeshwe nimpe mkono. Na vifurushi: wageni wote wa meza kuu wataondoka navyo, vimeshafungwa, vina majina. (Kicheko kinaanzia kwa walimu wa skuli, kinasambaa turubai zima. Mtoto mmoja anateleza ukutani.) Naona mmefurahi. Furaha yenu ndiyo mshahara wangu, ukiacha ule mwingine.

Hayo ni ya mlo. Upande wa teknolojia, MAMEJU imepangiwa kompyuta arobaini za kisasa, na ninayo fahari kuwaarifu kwamba tangu mradi uanze hakuna hata moja iliyoharibika, iliyoibiwa wala iliyoguswa na mtu asiyehusika. Mtambo wetu wa intaneti haujawahi kukatika hata kwa dakika moja. Wataalamu wetu kumi na wanane hawajawahi kuchelewa kazini. Nawaulizeni, ni mradi gani mwingine kaskazini ya kisiwa hiki wenye rekodi kama hiyo? (Sauti ya mzee: Hakuna.) Hakuna. Ahsante, mzee wangu, andikeni jina lake apewe kifurushi.

Sasa nifikie uamuzi wa kimageuzi. Kwa kuwa maktaba hii imeshahamia mtandaoni, na kwa kuwa mtandaoni hakuhitaji mlango, dirisha wala bati, ofisi yangu imeona kwamba chumba hiki sasa kiko huru. Kuanzia leo kitakuwa Ofisi ya Kanda ya Uratibu, yenye kiyoyozi, zulia na mimi. Vitabu vitatiwa kwenye magunia ya karafuu, vipakiwe kwenye lori lile pale lililoleta viti, viende kwenye ghala letu Chake Chake ambako vitatunzwa vizuri, chini ya kufuli, visisumbuliwe na mtu. Bi Moza naye atakuwa huru kuwa mkutubi popote atakapopata kivuli. (Kicheko kinakatika. Hakuna anayepiga makofi, hata Bakari.)

Naona mkono kule nyuma. Ni Bi Bimkubwa. Muda hauruhusu maswali, lakini mama ni mama, mpeni kipaza sauti. (Bi Bimkubwa anasimama. Hakitaki kipaza sauti. "Mheshimiwa, mie nna miaka sitini na mitatu na sijui kusoma. Hadithi zile ndo skuli yangu. Sauti ile yatoka chumba kile, dirisha likishafungwa. Kwao Moza kuna watoto sabaa na jirani ana mashine ya kukoboa mpunga, hapasikilizani. Mkitwaa chumba, sie twasikiliza nini?")

Swali zuri sana, mama yangu, swali la kimkakati, na ili nikutendee haki nitakujibu kwa maandishi. (Bi Bimkubwa: Nshakwambia sijui kusoma.) Basi... Basi utasomewa na Bi Moza. (Bi Bimkubwa: Akiwa wapi?) Hilo nalo tumelipokea. Tunaendelea. (Kinamama hawakai. Wamesimama wote, mikono kiunoni.)

Naomba mkae, kiti cha kukodi hakikodishwi kwa kutazamwa. Ratiba inaonyesha kwamba sasa ni makabidhiano ya ufunguo, tukio la dakika mbili, ambalo litahitimishwa kwa kukata utepe na kula. Bi Moza, tafadhali sogea mbele na ufunguo wa chumba. Wapigapicha kaeni tayari. Mpigapicha ni Bi Moza mwenyewe, basi Bakari shika simu. Hutaki kumpa? Haya, njoo nayo. (Bi Moza anakuja mbele, simu mkono mmoja. Ufunguo uko shingoni mwake, umefungwa kwa kipande cha kamba ya mwani. Anautia ndani ya baibui.)

Mbona unauficha, Bi Moza? Mkono wangu huu hapa, unasubiri. (Bi Moza anasema taratibu, lakini kipaza sauti kinamchukua. "Mheshimiwa, wewe ndiye uliyetufunza leo kwamba maktaba yetu ni ya mtandao. Ufunguo wa chuma haufai tena. Nshakutumia wa kidijitali kwenye simu yako." Simu ya Mheshimiwa inalia mfukoni.)

Ehe. Ndiyo. Hapana shaka. Wa kidijitali, bila shaka, nilikuwa nakupima tu. Samahani, ndugu wananchi, naufungua. Miwani yangu... Bakari, bonyeza hapa. Naam. Nauona. Ni huu hapa, ufunguo kamili, una meno yake yote matatu na kamba yake. (Anainua simu juu. Kwenye kioo kuna picha ya ufunguo.) Natangaza rasmi kwamba nimeupokea ufunguo wa maktaba ya Shumba kwa njia ya kidijitali, wa kwanza kupokewa hivyo katika kanda yetu, na kwamba makabidhiano yamekamilika, yamefungwa, hayafunguliwi tena. Bi Moza hadaiwi ufunguo mwingine wowote. Makofi. (Makofi makubwa kuliko yote. Vigelegele kwa kinamama. Sheha Jecha anapiga makofi akiwa amesimama.)

Bakari ananiuliza kuhusu vitabu. Bi Moza, vitabu vyangu umevipakia? (Bi Moza: Nimevipakia vyote tangu asubuhi, Mheshimiwa, jalada kwa jalada.) Mmeona? Huyo ndiye mtumishi. Haya, kama vimeshapakiwa lori linasubiri nini? Dereva wa lori, ondoka, usichelewe njiani, na usifungue turubai mpaka ufike Chake Chake. (Lori linaondoka. Linaruka kwenye mashimo kwa wepesi mkubwa. Watoto wanalipungia mkono.) Angalieni linavyokwenda, utadhani halina kitu.

Sasa kaulimbiu, halafu nimalize. Nikisema neno, nyote mnaitikia kwa sauti moja: mtandaoni. MAMEJU! (Mtandaoni.) Kompyuta! (Mtandaoni.) Ahadi zetu! (Mtandaoni, kwa kicheko.) Mratibu wenu! (Mtandaoni. Kicheko kinawazidi. Bi Moza anatikisa kichwa kuwakubalia.) Sijui mnachekea nini katika hilo la mwisho, lakini nimelipenda.

Nimalizie kwa shukrani, kwa sababu mtu asiyeshukuru hana tofauti na asiyealikwa. Nawashukuru wataalamu kumi na wanane wa MAMEJU, ambao kwa kuwa hawajaajiriwa hawajaomba hata siku moja ya likizo. Namshukuru mkandarasi, ambaye hajapatikana, kwa kutotuletea usumbufu wowote. Nazishukuru zile kompyuta arobaini, ambazo, niseme ukweli kwa kuwa hapa tuko sisi kwa sisi, hazijaagizwa, kwani fomu ya kuagiza kompyuta inajazwa kwenye kompyuta, na sisi tunasubiri hiyo ya kwanza. Zaidi ya yote namshukuru Bi Moza, maana bila ya simu yake, kifurushi chake na sauti yake, ripoti za MAMEJU nilizozipeleka kwa wakubwa zisingekuwa na picha hata moja. Kama mtu ataniuliza MAMEJU iko wapi, nitamjibu kwa unyoofu kwamba ilianza leo saa sita Nassor alipowasha moto, na ikifika saa nane, masinia yakioshwa, itakuwa imekamilika. Muwe na subira kwa mradi usiokuwapo kama mlivyokuwa na subira kabla haujatangazwa. Wabillahi tawfiq.

Bi Moza, neno moja pembeni. Hiyo video yako usiitoe nje mpaka niipitie, hayo ya mwisho tutayaondoa. Umenisikia? (Bi Moza anaitazama simu, halafu anamtazama Mheshimiwa. "Imeshapakuliwa, Mheshimiwa.")

Imeshapakuliwa? Mbona mimi sijaambiwa? (Bi Moza: Watu mia tisa wameshapakua, na wengine wanaendelea.)

Mia tisa! Nassor! We Nassor, meza kuu mmetubakishia?